Roboti yetu ilipewa sifuri kwa sababu ya waya. Je, tulionewa?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Ninafundisha fizikia sekondari hapa Kigoma na ndiye mlezi wa klabu ya roboti. Tulipanda treni kwenda Tabora kwenye shindano lililofuata kanuni za World Robot Olympiad. Raundi ya pili, wakati wa ukaguzi, mwamuzi alisema waya wa mota umechomoza nje ya sentimita 25, akaandika sifuri papo hapo. Niliingia nikamwonyesha video kwenye simu, akakataa hata kuitazama. Kufika hapo nahodha wetu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa ameshasaini fomu ya alama. Je, tulionewa? Na bado tunaweza kukata rufaa?

JIBU: Mwalimu, poleni sana, wewe na vijana. Nimechezesha mashindano ya aina hii kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nakujibu kama mtu anayeujua upande wa pili wa meza.

Kwenye waya, mwamuzi alikuwa sahihi. Kabla ya kuanza, roboti isizidi milimita 250 kwa urefu, upana na kimo, na nyaya zinahesabiwa ndani ya kipimo hicho. Ikishaanza kutembea, inaruhusiwa kutanuka. Wengi hupima mwili wa roboti na kuusahau waya. Tena mkiipima shuleni inatosha, kisha inafungashwa, inatikiswa usiku kucha kwenye behewa, mnabadilisha betri, na waya uliokuwa umelala unasimama.

Kinachonisumbua ni ile sifuri ya papo hapo. Kanuni hizohizo zinasema kasoro ikionekana kwenye ukaguzi, timu ipewe dakika 3 kuirekebisha. Ikishindwa ndani ya muda huo, ndipo hairuhusiwi kucheza raundi hiyo. Kuurudisha waya ndani na kuubana kwa mpira ni kazi ya nusu dakika. Kama dakika hizo hazikutolewa, basi ndiyo, vijana wako walinyimwa haki yao.

Kwa hiyo ubishi wenu ulipaswa kuwa juu ya dakika 3, si juu ya waya. Mwamuzi hukosea kwa namna mbili. Lipo kosa la jicho: kitu kiligusa mstari au hakikugusa. Akishaamua, hapo hamna kesi. Na lipo kosa la kanuni: ameona sawasawa, ila ametumia kifungu isivyo sahihi au amekiruka. Hili linarekebishika, kwa sababu maandishi yapo na wote wawili mnaweza kuyasoma.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwanyima timu alama kwa kifungu nilichokikariri kutoka toleo la mwaka uliotangulia. Binti mmoja aliinua mkono, akasema, "Mwalimu, naomba tusome pamoja kifungu hiki." Alikuwa amekichapisha na kukipigia mstari. Tulisoma, nikaona kosa langu, nikarudisha alama. Angekuja na maneno ya "mnatuonea", nadhani nisingemsikiliza vizuri, na wenzake wangepoteza walichostahili.

Kuhusu video, mwamuzi alifuata utaratibu. Kanuni hizi hazikubali picha wala video kama ushahidi, na VEX, mashindano mengine ya roboti, nao wanakataza waamuzi kuzitumia. Najua tumezoea VAR kwenye mpira, lakini kule kamera zimefungwa kwa ajili ya timu zote mbili. Simu ya mzazi huonyesha pembe moja, na timu iliyokuja bila simu nzuri ingekuwa imeshindwa kabla ya kucheza. Naiunga mkono kanuni hii kwa moyo wote.

Hapa niruhusu niseme wazi: kuingia kwako hakukuwasaidia. Kocha haruhusiwi kujadiliana na waamuzi kuhusu alama. Mjadala ni wa wanafunzi. FIRST Tech Challenge, nayo mashindano ya roboti ya wanafunzi, humtaka mwanafunzi mwenyewe aende kuuliza. Naelewa uchungu wa kuwatazama watoto wako wakipewa sifuri huku umekaa pembeni, lakini kazi yako hapo inakuwa imefanyika wiki kadhaa kabla.

Rufaa sasa haipo. Saini maana yake ni "tumekubali alama hizi", na baada yake malalamiko hayapokelewi. Hata hivyo, kugoma kusaini si silaha: timu ikivuta muda kupita kiasi, mwamuzi anaweza kuifuta katika raundi hiyo. Nahodha anatakiwa aseme kwa utulivu kabla ya kushika kalamu: "Naomba kwanza tuangalie kifungu cha dakika 3." Akishindwa kueleweka, aombe mwamuzi mkuu aitwe.

Bado waandikie waandaaji. Msiombe matokeo yabadilishwe. Elezeni kilichotokea kwenye ukaguzi, tajeni kifungu, ombeni waamuzi wakumbushwe kabla ya msimu ujao. Ulizeni pia kama wamebadilisha kanuni yoyote kwa ajili ya mashindano ya hapa nchini, na mpewe maandishi yake.

Hapo klabuni, tengenezeni sanduku la mbao nyembamba lisilo na kitako, ndani sentimita 25 kamili kila upande. Lifunikeni juu ya roboti bila kuisukuma. Likigusa waya, fungeni upya. Fanyeni hivyo kila mnapobadilisha betri, na mkifika ukumbini kabla ya kuikabidhi roboti. Kisha wewe uwe mwamuzi mkali kwenye mazoezi: wape uamuzi wa makosa kwa makusudi, wakutafutie kifungu huku saa inakimbia.

Na huyo nahodha, kaa naye peke yake. Mweleze kwamba alisaini kwa sababu mtu mzima alimwambia asaini, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kuuliza kwanza. Mwakani mpe yeye kitabu cha kanuni akishike.