Mulika lenzi kwa tochi kabla hujatuma hata shilingi

Usitume hiyo hela Ijumaa. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wako mara mbili, mdogo wangu wa Lindi. Umeuliza uchukue kamera ipi ya mkanda kati ya Canon AE-1, Pentax K1000 na Olympus OM-1, lenzi gani nyembamba inafaa kutembea nayo, na mikanda ya filamu utaipata wapi. Waliotangulia kuchangia wote wamekimbilia kubishana kuhusu kamera. Lakini chini kabisa umeandika, kama vile ni jambo la kupita, kwamba umeshapata lenzi ya Pentax 40mm kwa mtu wa Dar kwa 350,000, "ina ukungu kidogo ndani ila muuzaji kasema hautokei kwenye picha". Ukungu huo ni fangasi wanaoota kwenye kioo cha lenzi. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikatoka nje kwanza.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, kuhusu lenzi ya aina hiyo hiyo. Nikalipa 380,000.

Nakaa Mtwara, Shangani, usiku bahari naisikia nikiwa kitandani. Lenzi ilinifikia mwezi wa 6, kusi inavuma, nguo ukianika asubuhi zinakauka kabla ya adhuhuri. Niliitazama kwa macho tu. Pembeni kulikuwa na vinyuzi viwili vitatu vyembamba, kama utando wa buibui anayeanza kazi. Nikapiga mkanda mmoja sokoni kwa wauza samaki, nikautuma Dar kusafishwa, picha zikarudi safi kabisa. Basi nikaamini kwamba muuzaji ni mkweli na mimi nimebahatika. Lenzi nikaitia kwenye kifuko chake cha ngozi, nikaifungia kabatini chini ya mashuka, nikaona nimeitunza vizuri kupita kiasi.

Kumbe nilikuwa nimewatengenezea fangasi kitalu.

Mwezi wa 3 mjomba wangu akashusha mashua yake majini kule Msangamkuu, ng'ambo ya maji. Alikuwa ameijenga kwa karibu miaka miwili, mbao akinunua kidogo kidogo kila hela ya korosho ikiingia. Kalafati alitia kwa mkono wake mwenyewe. Akaniambia, "Mpwa wangu, wewe una kamera ya kweli, siku hiyo usinipige kwa simu." Mashua inashuliwa bamvua, maji yakijaa, na maji yalijaa alfajiri. Nilivuka mapema na mikanda miwili ya picha 36. Dua ikasomwa, ubani ukafukizwa, wanaume wakashika kamba, wanawake wakapiga vigelegele, jua likachomoza baharini nyuma ya omo. Nilipiga nikiielekea bahari, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinaelekea bahari. Nilimpiga mjomba amesimama majini mpaka kifuani, mkono mmoja ubaoni, mashua inaanza kuelea.

Mikanda ikaenda Dar kwa basi. Picha ziliporudi, nilizifungua moja moja na kila moja ilikuwa kama imemwagiwa maziwa. Nyeusi haikuwa nyeusi, ilikuwa kijivu. Uso wa mjomba haukuonekana, palikuwa na kivuli ndani ya ukungu. Kati ya picha 72, zilizofaa kitu zilikuwa 9, na zote 9 nilizipiga nimeipa bahari mgongo, zinaonyesha watu waliosimama nchi kavu wakitazama. Ya mashua yenyewe hakuna.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ule mkanda wa kwanza ulitoka vizuri. Sokoni nilipiga jua likiwa mgongoni kwangu, kama wazee wa studio walivyotufundisha. Jua likiwa nyuma yako, fangasi wachache kwenye kioo hawana mwanga wa kuuchezea, picha inapita. Ukiielekea nuru, kila unyuzi unaushika mwanga na kuutawanya picha nzima. Sasa niambie, wewe unayekaa Lindi, bahari iko upande gani jua linapochomoza? Umeandika mwenyewe unataka kupiga wavuvi wakirudi asubuhi. Hiyo ndiyo picha ambayo lenzi hiyo haitakupa.

Na siyo hivyo tu. Nilipoitoa kwenye kifuko na kuimulika kwa mara ya kwanza, vile vinyuzi vitatu vilikuwa vimekuwa matawi, vimetoka pembeni mpaka katikati ya kioo. Miezi tisa tu. Pembeni yake nilikuwa nimeweka lenzi yangu nyingine, 50mm niliyoinunua 150,000 ikiwa safi kabisa. Nayo ilikuwa imeshaanza. Watu wanabishana kama fangasi wa lenzi wanaambukiza. Mbegu zao zimo hewani kila mahali, hata kwenye lenzi mpya. Mimi ninachojua ni kwamba kinachozikuza ni unyevu, giza na hewa isiyotembea, na ngozi inashika unyevu kama sifongo. Niliziweka zote mbili mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa pabaya.

Sasa nimseme aliyeniponza, na simtaji jina. Siyo muuzaji. Muuzaji anauza. Ni jamaa mmoja wa kundi la wapiga picha wa mkanda, anayeheshimika, ambaye nilimuuliza kabla sijalipa. Nilimtumia hadi picha ya vile vinyuzi. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Hiyo haina shida, mimi ninayo ya hivyo mwaka wa 6, chukua." Nilikuja kujua baadaye kwamba anakaa Dodoma. Dodoma! Hewa kavu, fangasi wake wamelala tangu aliponunua na pengine hawataamka. Kwa lenzi yake yeye alisema kweli. Lakini mtu anakuambia niko Mtwara, unampaje jibu la Dodoma? Hukuweza kuuliza swali moja tu, kwamba utaitunza wapi? Nina hasira naye mpaka leo, na nina hasira zaidi kwa sababu jibu lile lile bado analitoa kwa watu wa Tanga, wa Kilwa, wa Mafia, na watu wanamshukuru.

Wa pili ni fundi. Nilimpelekea lenzi Dar, akachukua 60,000, akanirudishia akisema imekuwa mpya. Fangasi kweli walikuwa wameondoka. Lakini kioo kilibaki na alama zile zile za matawi, kama kioo cha dirisha kilichokwaruzwa. Hili hukuambiwa na muuzaji wako, na mimi sikuambiwa: fangasi wanatoa asidi. Asidi inakula kwanza ule utando wa kinga juu ya kioo, ule unaong'aa rangi ya zambarau ukiuinamisha, kisha inakula kioo chenyewe. Kusafisha kunamwondoa mla, hakurudishi kilicholiwa. Na wakiwa wameingia kati ya vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, fundi hawafikii kabisa. Juu ya hayo, fundi wangu alikosea kuirudishia, kwa hiyo ukizungusha pete ya kulenga mpaka mwisho kwa ajili ya kitu cha mbali, kitu hicho hakitoki wazi. Minazi ya ng'ambo ya maji inatoka kama pamba. Nilipompigia simu akasema ilikuja hivyo. Haikuja hivyo.

Jumlisha: 380,000 na 60,000 na ile 150,000. Ni 590,000, bila nauli na bila mikanda. Ya mashua siwezi kuijumlisha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia kila uzi unapofunguliwa humu: mulika lenzi kwa tochi kabla hujatoa hela. Siyo kuitazama. Kuimulika. Lenzi itolewe kwenye kamera, vifuniko vyote viwili vitolewe, pete ya namba izungushwe mpaka namba ndogo kabisa, kwa hiyo ya 40mm ni 2.8, ili tundu la kupitisha mwanga liwe wazi lote. Tochi ya simu iwe nyuma ya lenzi, jicho mbele, na usiangalie moja kwa moja. Inamisha polepole, upande huu na upande huu, mpaka mwanga ukate kioo kwa mshazari. Kisha geuza, tochi mbele, jicho nyuma. Vumbi ni vidoti, viache, kila lenzi kongwe inavyo. Unachotafuta ni nyuzi, matawi, mizizi, kitu kama theluji ya kwenye friji, au wingu kama umepulizia kioo pumzi. Ukiona chochote cha hivyo, rudisha. Kama mnakutana stendi mchana wa jua kali, jifunike khanga kichwani wewe na lenzi ndani, watu wacheke watakavyo. Mwanga wa mchana unaficha fangasi kabisa.

Na kwa kuwa muuzaji wako yuko Dar, anayetakiwa kumulika ni yeye, arekodi video, siyo picha. Picha mtu anachagua pembe. Mwambie aanze na namba iliyochongwa kwenye lenzi ili ujue ni hiyo hiyo, kisha amulike pande zote mbili bila kukata. Ni nusu dakika. Mwenye lenzi safi atafanya kwa furaha.

Lenzi yenyewe, nisiisingizie, ni nzuri. Ile SMC Pentax-M 40mm ina unene wa milimita 18 na uzito wa gramu 110, ukiifunga kwenye kamera inakuwa kama kifuniko. Watu wanakuzoea, hawakai mkao wa kupigwa picha. Pete yake ya kulenga ni nyembamba, mikono ikiwa na jasho utaitafuta. Ila usiingie Lindi na yenye fangasi kwa sababu tu ni nyembamba. 50mm safi iliyo nene kidogo inaishinda mara mia, na 50mm za Pentax ni nyingi na hazina bei ya kukutisha.

Ukichukua hiyo Pentax, suala la kamera limeshajijibu, maana haiingii kwenye Canon wala Olympus. Chukua K1000. Ilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, zipo nyingi, na shata yake, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, inaendeshwa kwa springi: betri ikifa kinachokufa ni kipima mwanga tu, kamera inaendelea. AE-1 betri ikiisha haipigi hata picha moja, na inataka ile ya volti 6 ambayo mimi hapa Mtwara nimeizungukia maduka nikachoka. OM-1 ni kamera ndogo nzuri sana na yenyewe inapiga bila betri, ila kipima mwanga chake kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haitengenezwi tena, ukiweka ya kawaida ya 1.5 inakudanganya. Na yule aliyekushauri hapo juu uchukue AE-1 halafu utafute "ile Canon nyembamba ya 40mm", msamehe, hajui anachosema. Hiyo ni lenzi ya 2012, mdomo wake, yaani pale inapofungwa kwenye kamera, ni wa EF ulioanza 1987. AE-1 ni mdomo wa FD. Havikutani.

Ukishaipata iliyo safi, kifuko cha ngozi mpe mtoto achezee. Nunua kontena la chakula la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka ndani vile vipakti vya silika jeli vinavyokuja na viatu vipya, vingi, siyo kimoja. Vikishalowa havifanyi kazi, vianike au vipashe moto taratibu vikauke. Mimi nina kipimo kidogo cha unyevu humo ndani, nakihakikisha kisipite asilimia 50. Nje ya kontena, mvua za mwezi wa 1, kipimo hicho hicho kilisoma 84 sebuleni kwangu. Mchele usiweke, vumbi lake ni chakula cha hao hao. Na lenzi itumie. Kila wiki itoke, ipate mwanga na hewa, hata kama huna mkanda.

Ile 50mm yangu niliiwahi, alama zake ziko pembeni kabisa, naipigia bado. Ya 40mm iko juu ya meza hapa, sijaiuza na siiuzi, kwa sababu nikiiuza lazima nimwambie mtu sentensi ile ile.

Mwandikie huyo wa Dar leo, mwombe video ya tochi. Akikutumia, iweke hapa tuitazame wote kabla ya Ijumaa. Akisema tochi ya nini, lenzi ni safi, usimjibu, niandikie mimi kwanza. Leo niko macho mpaka saa 5 usiku.