Kusajili watu sitini hatua mbili: yaliyonikuta Mtwara

Mkuu, umesema uko Lindi, una watu kama sitini, bosi anataka wote wawe na uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri, kisha namba sita za muda kutoka kwenye simu) ndani ya wiki mbili, na nusu yao wamegoma kutumia simu zao binafsi. Nilishatupiwa kazi hiyohiyo hapa Mtwara, ofisi ikiwa mjini na vituo vikiwa Masasi, Tandahimba na Newala.

Nilianza vibaya. Nilituma barua pepe ya maelekezo, kurasa nne na picha zake, nikaweka tarehe, Jumatatu nikawasha kwa wote. Kufika saa tatu asubuhi simu imeshika moto kwa kupigiwa. Mhasibu wa Masasi yuko nje ya mfumo, na ndiyo siku ya mishahara! Nikazima kwa wote, nikaanza upya kwa kuwafuata walipo, kituo kimoja kimoja.

Kuhusu mgomo, hotuba haisaidii. Wengi wanaamini ile programu ya simu inayotoa namba itampa bosi meseji zao za WhatsApp. Tandahimba nilitoa simu yangu, nikaskani ile QR mbele yao, nikazima data, nikachomoa na laini, nikaiweka katikati ya meza. Namba sita zikaendelea kubadilika kila sekunde 30. Mama wa masijala akauliza, "Kwa hiyo haili bando?" Haili. Siri iliyo ndani ya QR, yaani ufunguo wa akaunti yako, inaingia kwenye simu mara moja tu, unaposkani. Baada ya hapo simu inakokotoa namba kwa siri hiyo pamoja na saa yake, seva nayo inakokotoa kivyake, zikilingana unaingia. Mama akaskani wa kwanza.

Hiyo saa sasa ndiyo ilinitoa jasho Newala. Mzee wa stoo, kila namba anayoingiza inakataliwa. Nimefuta, nimeskani upya mara tatu, wapi. Ndipo nikaona simu yake inasoma 4:10, na kweli ilikuwa saa nne asubuhi. Kumbe alizima saa ya mtandao, akaiweka kwa mkono ifuate Kiswahili! "Mwanangu, simu ikiniambia ni kumi, mimi najua watu bado wamelala." Kwa seva alikuwa nyuma saa sita nzima. Nikarudisha saa ya mtandao, kisha kwenye ukanda wa saa nikamchagulia Buenos Aires, ambako wako nyuma yetu saa sita kamili. Simu ikasoma nne, namba zikakubali. Mpaka leo ananiita Muajentina.

Namba za kutumwa kwa meseji waachie wenye vitochi tu, kwa sababu tapeli akifanikiwa kurudisha laini ya mtu kwenye kadi iliyo mkononi mwake, namba zinamfuata yeye. Na zote, za meseji na za programu, mtu anaweza kuzitaja mwenyewe kwenye simu. Hapo sikuwa na haja ya kufundisha sana. Kila mtu huku ameshatumiwa ile ya "hela tuma kwenye namba hii", nikawaambia anayekuomba namba sita ni ndugu yake yule.

Halafu msimu wa korosho. Malipo ya minada yakianza kutoka, watu wanabadilisha simu, ya zamani anapewa mpwa kijijini na programu imo humohumo. Mwaka wa kwanza niliwasajili upya wengi mno. Sasa kila mtu nampa namba zake za akiba, za kuingilia akikosa simu, zimechapwa, kwenye bahasha, akazihifadhi nyumbani (wawili nilizikuta chini ya kibodi, usiniulize). Akitaka umfungulie upya, usimfungulie kwa meseji. Piga wewe, kwa namba iliyo kwenye faili lake.

Bosi asajiliwe wa kwanza, mbele ya watu. Akaunti ya msimamizi muwe nayo wawili, maana nawe simu yako inaweza kudumbukia Ruvuma.

Na kama una kituo hadi Liwale, omba gari na mafuta leo, na umwambie bosi wazi wiki mbili hazitoshi. Mvua zikianza ndiyo kabisa.