Mkuu akikaa dawati la nyuma

Wadogo zangu, walimu wapya mnaoripoti Bahi, Chamwino, Kongwa na kwingineko huku kwetu Dodoma, siku moja, pengine bila taarifa, mkuu wa shule ataingia darasani kwako na kukaa dawati la nyuma. Msikimbie.

Mimi nilitetemeka. Kidato cha pili, Biolojia, wanafunzi themanini na ushee, upepo wa Julai unaingiza vumbi dirishani. Azimio la kazi lilikuwepo, andalio la somo limesainiwa na mtaaluma (mwalimu anayesimamia taaluma shuleni), shajara imejazwa. Nikafundisha kwa sauti ya mnadani, jasho linanitoka na baridi ile.

Baada ya kipindi aliniita chini ya mwarobaini, akafungua daftari. Alikuwa amechora madawati yote, na kila mwanafunzi niliyemuuliza swali amemtilia nukta. Nukta zilijazana mbele, upande wa dirisha. Safu mbili za nyuma, walikokaa wasichana wengi, hapakuwa na hata moja. "Hawa wamekukosea nini, mwalimu?" Kesho yake akanikaribisha kwenye kipindi chake nimhesabie na yeye. Alikuwa na kona yake aliyoisahau, tulicheka sana.

Nimewahi pia kuwa chini ya mkuu ambaye usimamizi wake ulikuwa muhuri tu. Mwaka mzima alinigongea maandalio, mengine nimenakili ya mwaka uliopita, wala hakugundua. Nilistarehe, nikadumaa.

Siku hizi kuna PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, badala ya OPRAS, ule upimaji wa zamani. Jaza mapema, maana mtandao wetu mnaujua. Lakini mfumo hauoni safu ya nyuma. Na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika 2024, unadai umahiri wa mwanafunzi. Utaujuaje kwa mtoto ambaye hujamuuliza kitu tangu muhula uanze? Kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) nako, pelekeni mada inayowashinda. Wengi hupeleka wanayoimudu ili waonekane.

Ukishazoea kidogo, wiki ya tatu hivi, mfuate ofisini: "Shikamoo mkuu, naomba Jumatano uje uangalie ninavyouliza maswali." Mtajie jambo hilo moja. Ukimwambia aangalie kila kitu, ataishia kuangalia shati lako. Akikosa nafasi, mwombe mtaaluma au mwenzako wa darasa la jirani. Karatasi na kalamu vinatosha.