Doksi, jua la mwaloni na kifua kinachochoma

SWALI: Shikamoo daktari. Naanika dagaa hapa Igombe, Mwanza. Nimeandikiwa doksisaiklini miligramu 100, kutwa mara mbili kwa siku 7. Leo siku ya nne, uso na mikono vimeungua kama nimemwagiwa maji ya moto, na nikimeza chakula kifua kinachoma. Jirani kanipa magnesiamu ya kiungulia. Je, dawa imenikataa? Na zikibaki, nimpe mwanangu wa miaka 5 anayekohoa?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana. Nianze na jua, maana kazi yako iko juani. Doksi, yaani hiyo doksisaiklini yako, ni dawa ya kuua bakteria ya ukoo wa tetrasaiklini. Ni dawa nzuri, hata kwenye kipindupindu tunaitumia, lakini huifanya ngozi iungue kwa jua lile lile ulilolizoea. Hadi siku chache baada ya dozi, geuza dagaa alfajiri au jioni. Mchana mwachie mwenzako, au vaa mikono mirefu na ujitande khanga. Malengelenge yakitoka, nenda kituoni.

Kifua nacho, nahisi unameza ukienda kulala, kwa funda moja la maji. Shika kapsuli kwa vidole vyenye majimaji uone inavyonata. Ndivyo inavyoganda kwenye njia ya chakula, na dawa ina asidi, inachoma papo hapo. Humezwa kwa glasi nzima ya maji, baada ya chakula, na usilale kwa angalau nusu saa. Ila kwa kuwa kumeza kumeshaanza kuuma, usijikaze: rudi leo kwa aliyekuandikia, huenda akakubadilishia. Kama una mimba au unahisi unayo, mwambie.

Magnesiamu hiyo usiimeze pamoja na doksi. Huishika tumboni, ikapita bila kuingia kwenye damu, na ugonjwa ukabaki palepale. Vidonge vya kuongeza damu hufanya vivyo hivyo; mweleze kama unavitumia, akupangie saa.

Mtoto usimpe hata kimoja. Tetrasaiklini huingia kwenye meno yanayojengeka ndani ya fizi, yakaja kuota ya njano au kahawia, na hakuna mswaki utakaoyatoa rangi hiyo. Ndiyo maana chini ya miaka 8 tunaiogopa, isipokuwa daktari ameona ugonjwa mzito. Vikohozi vingi vya watoto ni vya virusi, doksi haiviwezi. Mpeleke apimwe, na ukiona anahema haraka au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, usingoje kesho.