Maswali ya sarafu: hiyo imekanyagwa na treni

Kabla sijaanza, mkituma picha tumeni pande zote mbili na mwanga uwepo, kuna mtu kanipigia picha kiganja chake gizani afu anauliza "hii vipi mzee". Vipi nini? Na ile habari inayozunguka kwenye magrupu ya wasapu kwamba sarafu yoyote yenye kilema ni mamilioni, acheni bana. Kosa la kiwandani ni lililotokea kabla sarafu haijatoka mtamboni. Yaliyoikuta mfukoni, sokoni, kwenye moto au kwa fundi baiskeli ni majeraha tu.

Shikamoo mzee. Nina mia mbili imevutika kama yai, simba nao wamerefuka. Nimeambiwa ni kosa la mtambo, naomba bei. (Urambo)

Marahaba. Hiyo imekanyagwa na treni. Sisi tuliokulia Tabora tumeyafanya sana hayo, unaweka senti juu ya reli unakimbilia kwenye miembe unasubiri ipite. Sarafu inagongwa ikiwa ndani ya pete ya chuma inayoizuia isitambae, ikitokea imegongwa bila pete inatanuka kweli, ila picha ya katikati inabaki saizi yake, kinachotanuka ni ukingo. Wewe simba wako wenyewe wamekuwa kama mbwa wa mitaani. Bei yake ni mia mbili, ukimpata muuza karanga asiyeangalia. Na watoto wakanyeni wasicheze relini, treni haikwepi mtu.

Mia ya swala imekuwa nyeupe kama chuma, nyingine zote ni njano. Ni adimu? (Gungu, Kigoma)

Mia ni chuma ndani, nje imepakwa shaba ya njano, weka sumaku uone inavyonasa. Sasa hiyo njano inaweza kutoka kwa kutumika miaka mingi, kwa moto, au kwa kijana mjanja mwenye maji ya betri, na siku hizi hao vijana wapo. Zipo kweli zinazotoka kiwandani bila kupakwa lakini hizo zinakuwa nyeupe sawasawa kila mahali na herufi zake ni kali. Nimeivuta picha yako nikaangalia kwenye mikunjo, chini ya shingo za swala na pembeni ya herufi: njano bado ipo imejificha kule ambako vidole havifiki. Basi kesi imeisha. Kama mtu bado anabisha aende kwa sonara aiweke kwenye mizani pamoja na sarafu nyingine za mia, tano au sita hivi, za mwaka ule ule, isiyopakwa inapungua uzito kidogo, iliyolambwa na asidi mara nyingi inapungua zaidi na uso wake unakuwa na vishimo vishimo.

Kuna mstari kwenye shavu la Karume kwenye jero. (Nzega)

Pitisha ukucha. Umezama? Ni mkwaruzo, utakuwa ulikuwa unakwangulia vocha. Umeinuka? Hapo nitumie picha nzuri, maana chapa, kile chuma kinachogonga picha kwenye sarafu, ikipasuka chuma kinaingia kwenye ule ufa na sarafu inatoka na mstari uliovimba.

Herufi zinaonekana mbili mbili. (watu watano, wiki moja)

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Kivuli kikiwa bapa, kimekaa chini kama ngazi na herufi yenyewe imekonda, ni chapa ilitikisika wakati wa kugonga, inatokea kila siku na haina thamani. Inayotafutwa ni ile ambayo chapa yenyewe ilichongwa mara mbili, herufi zote mbili zinakuwa nene za mviringo na kwenye ncha zake kunakuwa na mgawanyiko. Mmoja katika nyie watano ana macho tu yamechoka.

Mjomba, marehemu babu kaacha hela 20 ya Mjerumani ya 1916 yenye T chini. Herufi zimekaa kombo na taji limesogea pembeni. Nimeisugua na majivu na ndimu sasa inang'aa. Kosa kama hili ni kiasi gani? (Ujiji)

Nilipofika kwenye ndimu nikaweka simu chini kwanza.

Hiyo T ni Tabora mwanangu. 1916 Mjerumani kabanwa, meli za Mwingereza zimefunga pwani, sarafu toka kwao haziji, akaamua kuzipiga mwenyewe hapa kwetu na mashine za karakana ya reli, kwa shaba yoyote iliyopatikana mpaka maganda ya mizinga, akaendelea hivyo mpaka Wabelgiji wanakaribia, Septemba wakaingia mjini. Haya maneno "hela yangu" mnayosema kila siku yametoka kwenye Heller hiyo hiyo. Chapa zilitengenezwa hapa hapa kwa haraka, hata L za HELLER hazifanani, kuna yenye ncha iliyojikunja na kuna iliyochongoka. Kwahiyo kombo, ufa na taji kusogea, ambayo kwenye sarafu ya Berlin yangekuwa habari, kwa Tabora ndio sura yake ya kawaida, na za 20 zilipigwa nyingi sana. Mnunuzi alikuwa anatafuta ile ngozi ya kahawia iliyokaa miaka mia, wewe umeimenya. Mikwaruzo ya majivu inaonekana mpaka kwenye picha ya simu. Iache hivyo hivyo sasa, usiongeze dawa ya meno.

Na kwa kuwa najua swali linalofuata ni ile ya dhahabu ya Mjerumani huyo huyo, rupia 15 yenye tembo na mlima: ya kweli ina gramu 7 na kitu. Ya shaba ya ukubwa ule ule haifiki hata 5. Nyingi ninazoletewa hazifiki. Mtu akikuambia rupia yake inavuta punje za mchele, au utoe hela kwanza ya kuipima, kunywa chai yake uondoke.

Senti kumi ya tundu ya 1936 ina jina la Edward lakini sura hakuna, walisahau? (Kaliua)

Hawakusahau, za tundu hazikuwa na sura ya mfalme yeyote, ingewekwa wapi? Edward, mfalme wa Mwingereza, kajiuzulu Desemba mwaka huo huo ila senti zake zilishapigwa na ziko tele. Wewe angalia tundu. Likiwa limekaa pembeni na kingo zake ni safi kama za senti wenzake, niandikie. Likiwa na vinyuzi vya chuma ni drili ya fundi.

Mia mbili moja ni ya 1998 nyingine ya 2008, ipi ina kosa? (Kibirizi)

Hakuna. Nunua dagaa.