"Downplay" si kupuuza

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza dagaa hapa Ujiji. Tuliletewa ripoti ya Kiingereza kuhusu maji ya Ziwa Tanganyika kupanda. Kuna sentensi, "The officer downplayed the damage." Niliwasomea wenzangu, "Ofisa alipuuza uharibifu," kikao kikachafuka. Je, nilikosea?

JIBU: Marahaba. Ulikosea, na kosa hili nalisahihisha karibu kila wiki hapa Kigoma. Anayepuuza jambo halishughulikii, pengine hata kulitaja halitaji. Ofisa huyo aliutaja uharibifu, ila aliuzungumzia ili uonekane mdogo kuliko ulivyo. Vichanja vya dagaa vimezama, yeye anasema maji yamegusa ukingo tu. Hilo nalo ni kosa, lakini si lile mlilomhukumu nalo. Andika, "Ofisa alipunguza uzito wa uharibifu."

Chukua sentensi nyingine, "She downplayed her injury." Mama kaumia mguu, kafungwa bendeji, dawa anameza, lakini wanawe wakimpigia simu anajibu, "Nimejikwaa tu, msihangaike." Huyo hajapuuza jeraha hata kidogo. Wala hajalidharau, ukitaka kusema mtu kamdharau mwenzake au kazi yake, kitenzi ni "belittle". "Play down" maana yake ni ileile ya "downplay", na kiwakilishi hukaa katikati: "play it down". Hiyo nimeikuta imetafsiriwa "alicheza chini" kwenye daftari la mtu mzima aliyelipia kozi!

Aliyemlisha hayo namjua kwa kazi yake. Ni hawa wauza vitini vya stendi, Kiingereza kwa siku 30, na wenzao wa kutuma masomo ya sauti WhatsApp. Neno moja la Kiingereza, alama ya sawasawa, neno moja la Kiswahili, basi, umehitimu. Sentensi nzima hawakuonyeshi, kwa sababu wenyewe hawaiwezi. Halafu watu wanabeba vitini hivyo hadi kwenye mikataba.

Kitini kinasema "may" ni "labda". Mkataba wa mkopo unasema, "The lender may sell the engine." Mvuvi anasoma kwamba labda injini itauzwa, labda haitauzwa, anatia saini. Kumbe "may" hapo inampa mkopeshaji ruhusa ya kuiuza. Nimewahi kukaa na mvuvi wa namna hiyo, injini imeshachukuliwa, kidole chake kiko juu ya neno lenyewe, ananiuliza, "Mwalimu, sasa ile labda iko wapi?"