Kabla hujachora kituo, nenda ukakae kwenye jiwe

Wiki ya kwanza ya kazi yako ya mipango miji katika halmashauri ya huku Mwanza, utaletewa shimo. Mzee ataingia ofisini, kofia mkononi, atakuonyesha kwenye simu barabara ya mtaani kwao iliyoliwa na mvua, atakuuliza mnalijaza lini. Wewe umetoka Chuo Kikuu Ardhi au Chuo cha Mipango, mambo yote bado ya moto kichwani, utatamani kumjibu papo hapo. Muulize kwanza ni barabara ipi.

Ile inayotoka mjini kupitia Mabatini, Buzuruga na Igoma kwenda Musoma ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu. Ya mtaani kwa mzee iko TARURA, ambayo tangu Julai 2017 ndiyo inayoshika barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Njia za daladala na nauli ni mambo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Vivuko vya serikali viko kwa wakala mwingine, TEMESA. Mzee hayajui hayo na hana sababu ya kuyajua. Kwake serikali ni moja, na iliyo jirani ni wewe. Ukimwambia "hiyo siyo yetu" utakuwa umesema kweli na umeharibu kazi. Andika jina la mtaa, piga simu TARURA wilayani yeye akiwa amekaa hapo hapo anasikia.

Mwaka wangu wa kwanza niliamini halmashauri tumebaki watazamaji. Nilichelewa kuona tulichobakiwa nacho, yaani ardhi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji. Soko likae wapi, stendi iende upande gani, machinga wapangwe wapi, viwanja vipya vipimwe nyuma ya mlima upi, hayo yanapita kwenye baraza la madiwani yakiwa yametoka mezani kwako. Lami watamwaga wengine, ila watu watakaoivuka saa kumi na mbili asubuhi umewaweka wewe pale.

Mimi niliwahi kuwaweka vibaya. Ilikuwa katika halmashauri moja ya huku ziwani. Tulijenga kituo cha daladala kizuri, chini vitofali vya zege, juu bati la bluu, benchi za kukalia. Eneo nililichagua kwenye ramani kwa sababu lilikuwa tambarare na halina mgogoro, na kwa mji wa mawe kama wetu kiwanja cha namna hiyo ni bahati. Siku ya kwanza daladala ziliingia, maana trafiki alikuwepo. Trafiki alipoondoka, zikarudi kusimama kwenye jiwe kubwa, mita kama mia tatu mbele. Miezi miwili baadaye napita, nakuta akina mama wameanika dagaa kituo kizima. Mwenyekiti wa mtaa akacheka mpaka akashika goti: "Injinia, umetujengea kichanja!" (Mimi siyo injinia. Huku kila anayetembea na karatasi kubwa ni injinia, utazoea.)

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimekaa kwenye lile jiwe na daftari. Kufika saa moja nilikuwa nimeelewa. Pembeni ya jiwe kuna ngazi zinazoteremka kutoka mlimani, na karibu kila aliyepanda gari asubuhi ile alitokea kwenye ngazi hizo: wanafunzi, mafundi, mama mwenye beseni la sangara kichwani. Huyo umwambie arudi nyuma mita mia tatu? Konda mmoja alinieleza kwa sentensi moja kile ambacho mchoro wangu haukunieleza: "Bosi, sisi tunafuata vichwa, na vichwa vinashuka hapa." Kosa la pili lilikuwa la kiofisi. Barua ya kuwaarifu LATRA na wenye magari tuliiandika bati likiwa limeshapanda. Wangekaa nasi mapema, wangetucheka bure kabla hatujatumia hela.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kituo, hesabu watu kabla ya kupima eneo. Hesabu siku ya kazi na siku ya gulio, na siku mojawapo iwe ya mvua, kwa sababu mvua ikinyesha Mwanza njia za miguu zinahama.

Jambo jingine ni mipaka. Panda daladala ya Kisesa kuja mjini, utaanzia wilaya ya Magu, uingie Nyamagana pale Igoma, upite Ilemela maeneo ya Nyakato na Buzuruga, urudi tena Nyamagana. Nauli moja, halmashauri tatu. Tangu Ilemela iwe manispaa yake mwaka 2012, kila upande una mipango yake na stendi yake ya mabasi, ya Jiji (yaani Nyamagana) iko Nyegezi na ya Ilemela iko Nyamhongolo. Abiria aliyeshuka Nyegezi akitokea Geita na anataka kwenda Tarime anavuka mji mzima na mabegi yake. Yule abiria ni wa nani? Tafuta namba ya mwenzako wa upande wa pili wiki yako ya kwanza, mnywe chai. Mengi niliyowahi kuyasawazisha yalisawazishwa hivyo, vikao vikaja kuyapigia muhuri.

Alama za X, zile zinazopakwa kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, zitakuletea machozi ofisini, zijue mapema. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati, na Sheria ya Barabara ya 2007 ikaipeleka mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anapata X nyekundu na hana fidia. Aliyekutwa katika zile 7.5 zilizoongezeka anapata ya kijani, huyo hulipwa eneo lake likitwaliwa. Usimpe mtu kibali cha kibanda bila kupima kwa futi kamba, hata diwani akikuambia ni cha muda.

Kalenda nayo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila ukipeleka ombi la barabara mwezi wa Mei umelipeleka msibani baada ya mazishi. Liwe limepita mkutano wa mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya Krismasi, kisha usikose Bodi ya Barabara ya Mkoa, kwa sababu hapo TANROADS na TARURA wanakaa meza moja.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya milimani, wakati wa urasimishaji, yaani kuyapima na kuyatambua kisheria makazi yaliyojengwa bila mpango. Nyumba zimepanda mawe bila kupimwa, na njia ni ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Mgonjwa anashushwa kwa kiti cha plastiki. Hapo huna tingatinga, una maneno tu. Tulikuwa tunatafuta mita tatu za njia, na ukuta wa choo cha bibi mmoja ulikuwa umechukua moja. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda na kamati ya mtaa bila ramani, nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", tukakaa. Akauliza jeneza lake litapita wapi siku yake ikifika. Hakuna aliyejibu. Akanyanyuka, akaonyesha kwa fimbo mahali ukuta uishie, akasema gharama ya kujenga upya tuchangishane, na majirani wakachanga.

Mwisho, ukipata Jumamosi, nenda Kigongo. Daraja la kwenda Busisi, kilomita zipatazo 3, lilifunguliwa Juni 2025, na mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko usiku. Lakini foleni ya kivuko ilikuwa soko: samaki wa kukaanga, mayai, maji, vocha. Magari sasa yanapita bila kusimama. Daraja ni la serikali kuu, ila wale wauzaji wa pande zote mbili ni wa halmashauri zao, Misungwi na Sengerema. Kaa nao. Waulize wamehamia wapi na wanauzia nani, uandike.